Hoja iliyo mezani Washington si ile ya Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari za nje katika magazeti yetu ya Kiswahili, lako likiwamo. Nimefanya kazi ya ukalimani na tafsiri kwa miaka 22, na katika muda huo nimejifunza, tena kwa kukosea mwenyewe, kwamba neno gumu la Kiingereza halimpotoshi mtafsiri, kwa kuwa likimshinda atafungua kamusi au atamuuliza mwenzake. Linalompotosha ni lile jepesi, analodhani amelijua tangu shule ya msingi, ambalo hana sababu ya kulitilia shaka.

Mfano wa kwanza ni neno "table". Kila Mtanzania anayefuatilia vikao vya Bunge kule Dodoma amesikia hati zikiwasilishwa mezani, na anaelewa kuwa jambo likishafika mezani ndiyo kwanza linaanza safari yake ya kujadiliwa. Utaratibu huo, pamoja na usemi wake, tuliurithi kwa Waingereza, ambao mpaka leo hulitumia neno "table" kwa maana ya kuleta jambo mbele ya kikao. Wamarekani wanalo neno hilo hilo, lakini kwao maana imegeuka: katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti, hoja ikipigiwa kura ya "table" huwa imewekwa kando bila kujadiliwa, na kwa kawaida huo ndio mwisho wake. Julai 2019, mbunge wa Texas, Al Green, alipeleka hoja ya kumshtaki Rais Donald Trump ili aondolewe madarakani, na Baraza la Wawakilishi likaipigia kura ya namna hiyo, 332 kwa 95. Kwa Kiswahili cha kueleweka, hoja ilizimwa. Sasa mfikirie mtafsiri aliyezoea Bunge la Dodoma, anayeipokea habari hiyo kutoka shirika la nje usiku wa manane huku ukurasa ukisubiriwa mtamboni. Ataandika, na moyo wake umetulia kabisa, kwamba hoja ya kumwondoa Trump imewasilishwa mezani kwa kura 332, na msomaji wa Newala atalala akiamini kwamba wabunge wa Marekani wamekubali kuanza kumjadili Rais wao. Ukiitazama sentensi ile neno kwa neno huoni kosa, ilhali habari yenyewe imepinduka miguu juu.

Wenye lugha yao nao limewahi kuwatesa neno hilo. Winston Churchill amesimulia katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwamba maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka waliotaka uzungumzwe kwa haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka kuu-"table". Wamarekani wakaelewa kwamba waraka unatakiwa utiwe kwenye droo na usahauliwe, wakakataa. Pande mbili zilibishana kwa muda mrefu, hata kwa maneno makali, kabla ya kugundua kwamba zilikuwa zinataka jambo moja. Ikiwa majenerali waliozaliwa na Kiingereza midomoni walikwama hapo, hatuna haki ya kumlaumu kijana wa dawati la habari za nje akikwama. Tunayo haki, hata hivyo, ya kuomba awekewe utaratibu utakaomnasua.

Neno jingine ni "negative" pamoja na pacha wake "positive", na hapa naomba unistahimilie kidogo, kwa sababu hili lilinifika mlangoni. Mwaka jana, jioni moja baada ya Magharibi, jirani yangu alipiga hodi akiwa na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga. Binti yake alikuwa amekohoa kwa wiki nyingi, akapimwa makohozi ili ijulikane kama ana kifua kikuu, na kwenye karatasi ile, mbele ya jina lake, kulikuwa na mhuri wa neno moja tu: "Negative". Mama huyu anajua kusoma, tena anasoma gazeti kila linapomfikia. Humo amesoma miaka yote kwamba ukame una athari hasi kwa wakulima, kwamba vijana wana mitazamo hasi, na kwamba kocha fulani anatafuta matokeo chanya Jumamosi. Alipomuuliza kijana wa dukani maana ya neno lile na kujibiwa kuwa ni "hasi", hakuhitaji kuelezwa zaidi, na akalia njia nzima mpaka kwangu.

"Mzee wangu, nisomee wewe," aliniambia, "na kama ni kubaya usinifiche."

Nikamwambia, "Mwanangu, futa machozi. Makohozi ya mtoto yamepimwa na vimelea vya kifua kikuu havikuonekana."

Aliniuliza mara tatu kama nina hakika, na mara ya tatu alinyoosha kidole juu ya ule mhuri, kana kwamba unanikanusha. Katika maabara neno "negative" halisifu wala halishutumu; linaeleza tu kwamba kilichotafutwa hakikukutwa, na "positive" kwamba kimekutwa. Ni sisi tulioyafanya "hasi" na "chanya" yawe na maana ya ubaya na uzuri, kwa kuyabandika kila mahali penye "negative" na "positive" katika habari za Kiingereza, kisha wakati wa Uviko-19 tukayarudisha kwenye habari za wagonjwa na kuandika kwamba fulani "amepatikana chanya". Hatukuwa na ulazima wowote. Mgonjwa hukutwa na maambukizi au hakukutwa nayo. Ukame huleta madhara, na neno "madhara" limebeba ubaya wote ndani yake bila kuhitaji kusindikizwa na "hasi". Mvua ikija kwa wakati huleta manufaa. Maneno haya tuliyakuta kwa bibi zetu, na yule mama angeyaelewa akiwa amelala nusu.

Kuna maneno mengine mepesi ambayo hayapotoshi kwa maana yake bali kwa adabu ya wenye kuyasema. Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Waingereza cha Gloucestershire kilizingirwa na jeshi kubwa la Wachina karibu na Mto Imjin. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi yao, Tom Brodie, alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake, alijibu kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky", yaani yanatatiza kidogo. Mwingereza yeyote angejua kwamba mtu wa cheo chake akisema hivyo watu wake wanakwisha. Mmarekani alilipokea neno kama lilivyo, akaona kwamba wanaweza kuendelea kushikilia. Zaidi ya askari 500 wa kikosi kile walichukuliwa mateka. Mtafsiri wa Kiswahili angepaswa kuuelewa upesi usemi wa namna hiyo, kwa kuwa hata sisi ndivyo tulivyolelewa. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atakujibu "Nzuri", kisha avute pumzi na kuongeza, "ila tumefiwa na mama." Mgeni akiondoka na lile neno la kwanza tu atakwenda kusimulia kwamba nyumba ile ina furaha.

Lugha ya mabalozi nayo ina adabu yake. Taarifa ya pamoja ikisema kwamba viongozi wawili wamekuwa na mazungumzo "frank", mwandishi mzoefu wa huko anasoma humo kwamba hawakuelewana, lakini magazeti yetu huandika kwamba "wamezungumza kwa uwazi", na msomaji akadhani ni pongezi. "Sanction" nalo ni idhini mahali pamoja na adhabu mahali pengine, na aliyezoea kuandika "vikwazo" hana budi kutazama kwanza ni nani anampa nani nini.

Sitakaa sana kwenye "mwisho wa siku", ijapokuwa ndiyo inayoniumiza masikio kuliko zote. Usemi wa Kiingereza "at the end of the day" hauhusu siku wala saa. Maana yake ni hatimaye, au yote yakishapimwa. Kwa Mswahili siku ina mwisho wake unaojulikana, nao ni kuchwa kwa jua. Ndiyo sababu mtu wa pwani akikutajia usiku wa Ijumaa anakusudia ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, na ndiyo sababu magazeti, ili kuondoa utata, huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Mwanasiasa akisema kwamba "mwisho wa siku mwananchi ndiye atakayeamua", mzee wa Pangani ana haki ya kuuliza ni siku gani hiyo, na kwa nini isiwe asubuhi.

Ndugu Mhariri, ninachoomba hakihitaji fedha. Habari inayotoka kwenye Kiingereza isomwe kwa sauti, kabla ya kwenda mtamboni, mbele ya mtu ambaye hakuona Kiingereza chake, naye aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Maelezo yake yakitofautiana na habari ya asili, sentensi ivunjwe na kuandikwa upya, hata kama hakuna neno lililokosewa. Mtafsiri azoeshwe pia kuuliza kwanza aliyesema ni nani, maana Mwingereza na Mmarekani, au tabibu na mwanasiasa, wanaweza kutamka neno moja wakawa hawasemi kitu kimoja. Na kosa likishapita, kwa kuwa makosa hayakosekani, lisahihishwe kesho yake katika ukurasa ule ule lilipotokea, kwa herufi zinazoonekana, badala ya kufichwa chini ya matangazo.

Kama dawati lako litakuwa tayari, mimi nipo. Nimestaafu, nina nafasi jioni ya kila Jumanne na Alhamisi, na nitazipitia kurasa za habari za nje bila malipo, mradi niletewe Kiswahili chake peke yake kwanza, na Kiingereza baadaye.

Wako katika lugha,
Mkalimani mstaafu,
Tanga