Sisi wa shifti ya usiku mmetusahau

Mhariri, salamu kwako na timu nzima. Nimesoma ukurasa wenu wa afya mnatushauri tupunguze stresi, tulale mapema, tuamke na jua. Ushauri mzuri, ila mimi ni mlinzi, naingia lindo saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, sasa hapo nalala mapema saa ngapi?

Halafu mmeiongelea kotisoli, hiyo homoni ya stresi, kama vile ni sumu. Si sumu jamani. Inatoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo na ina ratiba yake, alfajiri inaanza kupanda, nusu saa hivi baada ya mtu kuamka inafika juu kabisa, kisha inashuka mdogo mdogo hadi usiku wa manane iko chini. Balaa ni ratiba ikivurugika, na anayeipanga zaidi ni mwanga. Mimi natoka lindo jua linanipiga usoni kwenye daladala, mwili unajua kumekucha, kotisoli ndo hiyo iko juu, na mimi ndo naenda kulala! Chumba cha bati, joto, jirani kafungulia singeli, nikipata masaa manne nashukuru. Saa 9 usiku macho yanagoma unashushia chapati mbili na enaji, saa ambayo mwili wala haukutegemea chakula.

Waliofanya kazi hizi miaka mingi wanaonekana kupata kisukari na magonjwa ya moyo zaidi ya wa mchana, na shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2007 liliweka shifti za usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, 2019 wakapitia tena wakaziacha palepale. Huku kwetu rosta inabadilishwa kwa meseji, wiki hii usiku wiki ijayo mchana, ukihoji unaambiwa wanaoitaka kazi wako wengi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kila saa kati ya saa 2 usiku na 12 asubuhi uongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo, na daktari akithibitisha huiwezi kazi ya usiku usipangiwe. Wenzangu wengi hawalijui hilo. Liandikeni, tena kwa herufi kubwa, na mtuulizie maofisa kazi mara ya mwisho kukagua rosta za walinzi ilikuwa lini.

Mlinzi, Dar es Salaam