Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: Turudishie mtaalamu wa usingizi

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima ya ofisi yako. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopitisha kwa Mganga Mfawidhi, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Afisa Utumishi, kama utaratibu unavyotaka, hazijajibiwa hata kwa mstari mmoja.

Wiki iliyopita watumishi wa kituo chetu cha afya tulipokea barua za kujieleza. Tumeambiwa alama zetu kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ziko chini, rufaa za wajawazito kwenda hospitali ya wilaya zimezidi, na utendaji wetu hauridhishi. Majibu yangu nimeshayawasilisha ofisini. Hapa nataka wananchi nao wayasikie, maana ndio wanaokuja kujifungua kwetu.

Rufaa zimezidi, ni kweli kabisa. Chumba cha upasuaji tunacho. Meza ipo, taa ipo, jenereta ipo, mashine ya usingizi ipo. Asiyekuwepo ni mtaalamu wa usingizi, yaani anayemlaza mgonjwa ili apasuliwe, na alikuwepo. Alisomeshwa kwa fedha za umma, akarudi, akawa anaamshwa usiku wa manane na kuja bila kununa. Kisha akahamishiwa zahanati isiyo na upasuaji wa aina yoyote, na sasa anapima watoto uzito na kugawa dawa za minyoo. Barua yake ya uhamisho ilisema ni kwa manufaa ya umma. Umma upi, Ndugu Mkurugenzi? Daktari tuliyebaki naye hawezi kumpasua mama bila mtu wa kumlaza na kumwamsha. Saini moja imefunga chumba kizima cha upasuaji, na sisi ndio tunaotakiwa kujieleza.

Sababu ya uhamisho ule hatukuambiwa. Tuliobaki tunaamini ni kwa kuwa alisimama kwenye kikao akauliza posho ya kuitwa kazini iko wapi. Kama tunakosea, tuelezwe. Mkituacha tubuni wenyewe, kila mtumishi atajifunza kunyamaza, hata pale anapoona dawa zinaisha au mashine inaharibika.

Nchi yetu ya Tanzania inajivunia kushusha vifo vya uzazi kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na ina haki ya kujivunia. Vituo vya afya vilijengewa vyumba vya upasuaji ili mama asifie njiani. Lakini jengo halimpi mtu usingizi. Mwezi huu nilimsindikiza mama ambaye uchungu ulikuwa umekwama. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likatambaa. Tulipofika hospitali ya wilaya mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Mama yule aliniuliza kwa nini hatukumpasua palepale kituoni wakati chumba kipo. Nilishindwa kumjibu, kwa hiyo swali lake nalileta kwako.

Sasa hizo alama. Wakati wa OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji, tulijaza fomu za karatasi, nyingi zikijazwa mwisho wa mwaka ili faili lifungwe. PEPMIS ilipokuja mwaka wa fedha 2023/24 niliipokea kwa furaha, kwa sababu kazi ya kila mtu ingeonekana. Lakini kazi isiyoingizwa na kuidhinishwa na msimamizi huhesabika haikufanyika. Msimamizi wetu anakaimu nafasi ya mganga mfawidhi mwaka wa ngapi huu, ilhali Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinataka kukaimu kusizidi miezi 6. Posho ya kukaimu halipwi, wagonjwa anatibu yeye, taarifa za mwezi anaandika yeye, na kuidhinisha kazi zetu ni yeye. Simlaumu. Usiku wauguzi tuko wawili, wodi ya wazazi imejaa, mtandao unakatika. Nimshike mama anayetoka damu au nishike simu niingize kazi kwenye mfumo? Nitamshika mama, na alama zishuke.

La daraja la mshahara nitaligusa tu, ingawa linaniuma. Niliajiriwa 2013. Katikati ya 2016 Serikali ilisimamisha upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi, na Aprili 2017 wenye vyeti vya kughushi 9,932 wakatangazwa. Vyeti vyangu vilikuwa halali, na foleni ile niliipanga kama wengine. Ulipokuja utaratibu wa mserereko, yaani kuwapandisha waliocheleweshwa hadi daraja walilostahili, wenzangu wa mwaka wangu wa ajira walioko halmashauri ya jirani walipanda. Sisi hapa tunaambiwa mara majina hayakutumwa, mara bajeti ya ikama, yaani ya idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ilishafungwa, mara mfumo umekataa. Mei Mosi 2025 kule Singida Rais alitangaza kima cha chini kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, nasi tulishangilia. Ila nyongeza haimtoi mtu kwenye daraja lisilo lake, na pensheni yangu itakokotolewa kutokana na mshahara wa daraja hilo hilo. Vijana tunaowapokea wanayaona haya, na bado hawajathibitishwa kazini wanauliza namna ya kuomba uhamisho.

Kwenye baraza la wafanyakazi ulisema mwenyewe, mbele yetu sote, kwamba hakuna mtumishi atakayedaiwa matokeo kabla hajapewa nyenzo. Tulikupigia makofi. Mimi niliyapiga kwa moyo wote, nikaenda kuwaeleza wenzangu wa zamu ya usiku.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mambo mengi: malimbikizo, mserereko, Afisa Utumishi afike kituoni atusikilize, kaimu wetu athibitishwe au aletwe mwingine. Yote hayo bado nayataka. Lakini yakikushinda yote mwezi huu, fanya moja. Mrudishe mtaalamu wa usingizi kituoni. Haihitaji bajeti mpya, haihitaji kibali cha ajira, hata nauli yake ya kurudi ni ndogo. Ni barua ya ukurasa mmoja. Mrudishe, halafu mwisho wa robo mwaka pima rufaa zetu na utuhukumu kwa hizo.

Wapo wajawazito kwenye daftari letu la kliniki ambao tayari walishafanyiwa upasuaji katika uzazi uliopita na wanatarajia kujifungua mwezi ujao. Naomba awe amesharudi kabla yao, na naomba unijibu kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi, wodi ya wazazi