Risala ya Kikundi cha Kujengeana Nyumba cha Chekereni, Moshi, kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi, Mgeni Rasmi wetu,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kijiji na Afisa Mtendaji,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mafundi, majirani na watoto wa shule mliofika,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mungu kwa kukuvusha salama kwenye barabara yetu, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja kukabidhi nyumba moja tu ya vyumba vitatu. Tulipoleta barua ofisini kwako tulikuwa na hofu kwamba shughuli yetu ni ndogo mno. Ulipojibu kwamba utakuja, akina mama walipiga vigelegele shambani, miguu ikiwa ndani ya tope la mpunga.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2019. Tuko wanachama 31, akina mama 24 na akina baba 7. Wengi wetu tunaishi kwa kupandikiza na kupalilia mpunga katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, wengine wana maeneo yao madogo humo, wengine ni vibarua wa siku. Makubaliano yetu ni mepesi kueleza na mazito kutekeleza: kila mavuno, kila mwanachama anatoa gunia moja la mpunga. Mpunga unauzwa, vifaa vinanunuliwa, na kazi ya mikono tunaifanya kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, siku za Jumamosi. Zamu ya nani kujengewa tuliipata kwa kura. Tulikunja vikaratasi 31 tukaviweka kwenye sufuria, kila mmoja akachomoa chake. Leo tunakabidhi nyumba ya namba saba.

Naomba nieleze kwa nini mama wa namba saba analia tangu asubuhi, msije mkadhani kuna msiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ardhi yetu hii ya chini ina magadi. Nyumba ya kukandika ikijengwa bila msingi wa mawe, unyevu unapanda na chumvi kwenye ukuta. Unaamka asubuhi unakuta unga mweupe chini ya kitanda, unafagia, kesho upo tena. Ukuta unamomonyoka kuanzia chini, kimo cha goti, huku juu unaonekana mzima. Masika ya mwaka 2024 maji yalipotushukia kutoka mlimani, ukuta wa mama huyu wa upande wa jikoni ulikaa chini usiku wa manane. Haukuanguka kwa kishindo. Yeye anasema alisikia kama mtu anamwaga mchanga. Aliwatoa wajukuu wanne akawapeleka kwa jirani, akarudi kushika turubai hadi kulipopambazuka. Wakati huo namba saba ilikuwa bado mbali. Alikaa chini ya turubai lile masika yote, na gunia lake la mavuno hakulikosa hata mara moja.

Nyumba unayoiona nyuma yangu imejengwa kwa matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza kwa miaka mingi. Hayachomwi, kwa hiyo hatukati mti kwa ajili ya tanuru. Yanashikana yenyewe kwa meno yake, kwa hiyo tunaokoa saruji ya kuunganishia. Tulijifunza kupima udongo kwa chupa: unajaza udongo robo, unaongeza maji, unatikisa, unaiacha itulie hadi kesho yake. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi unakaa juu, na ukiutazama ule mstari unajua kama udongo huo utatoa tofali au utatoa nyufa. Udongo wa hapa kijijini peke yake ulikataa, ni mfinyanzi mno. Tukawa tunauchanganya na mchanga wa mtoni, karai kwa karai, tukifyatua kwa mashine ya mkono ya kukodi. Matofali tuliyafunika kwa majani ya migomba tukayamwagilia kwa siku saba. Watoto wa shule mnaowaona mbele ndio waliokuwa wanamwagilia kila jioni, na tunawashukuru.

Sasa Mheshimiwa, hapa ndipo penye neno letu la leo. Baada ya nyumba saba tumeijua hesabu ya nyumba ya kijijini kuliko tunavyojua hesabu nyingine yoyote. Nyumba hii imegharimu shilingi milioni 5 na laki 2. Ukuta tunaumudu. Udongo ni wetu, mikono ni yetu, Jumamosi ni zetu. Kinachotushinda ni msingi na paa. Mawe, saruji ya msingi, mbao za kenchi, bati 40 na misumari yake vimekula milioni 2 na laki 9. Zaidi ya nusu ya fedha yote imekwenda chini ya ukuta na juu ya ukuta. Ukipita vijiji vyetu utaona maboma mengi yamesimama bila paa, majani yameota ndani. Wapita njia husema wenye maboma hayo ni wavivu. Siyo wavivu. Walifika pale ambapo nguvu za mikono huishia, na pale panahitaji fedha taslimu ya mkupuo, ambayo mkulima wa gunia kumi hana.

Ndiyo maana hatukuja kuiomba Serikali itujengee nyumba. Tunaomba fedha ya Serikali ifike kwenye msingi na kwenye bati.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Wazee wetu hapa wanaikumbuka Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1972, na mfuko wa nyumba wa wafanyakazi na wakulima uliokuja katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Sikilizeni jina hilo: na wakulima. Kulikuwa na fikra kwamba jembe nalo linastahili kukopeshwa paa. Benki ile ilifungwa mwaka 1995. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lipo na linajenga, lakini mwanakijiji anayejenga chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka kesho si mteja wake, wala hatulilaumu, halikuundwa kwa ajili hiyo.

Wakati huo huo tumeona kwa macho yetu kwamba Serikali ikiamua jambo la kijijini na kuliwekea mfuko, linafika. Umeme vijijini ulitungiwa sheria mwaka 2005, ukapata wakala wake na mfuko wake, na fedha yake inakatwa kwenye umeme na kwenye mafuta, kidogo kidogo, kwa kila mnunuzi. Leo mtu wa Chekereni anaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Barabara zetu zimepata wakala wake, TARURA, mwaka 2017. Maji yakapata wakala wake, RUWASA, mwaka 2019. Tunashukuru kwa yote hayo. Lakini nguzo ya umeme inafika mlangoni kwa mama ambaye ukuta wake hauwezi kubeba mita. Hilo limetokea hapa, fundi alikataa kufunga mita kwenye ukuta wa udongo uliopasuka, na alikuwa sahihi. Umeme, maji na barabara vina mlezi. Nyumba ya kijijini haina.

Ombi letu la kwanza na kubwa, Mheshimiwa, utufikishie kilio hiki huko juu: Serikali ianzishe mfuko wa nyumba vijijini, kwa mfano ule ule wa nishati vijijini. Usitoe nyumba, utoe mkopo wa msingi na bati kwa kikundi ambacho kimekwisha kufyatua matofali yake. Mkaguzi aje ayahesabu matofali, ayapime, ndipo fedha itoke, na iende moja kwa moja kwa muuza vifaa. Tutalipa kwa mavuno, si kwa mwezi, kwa sababu sisi hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mpunga una msimu wake, na marejesho yafuate msimu huo.

La pili ni saruji. Mwaka 2023 uliwekwa ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Tunaelewa kwamba nchi ina miradi mikubwa na fedha lazima itoke mahali. Nyumba hii imekula mifuko 84. Kwa hiyo mama wa namba saba, aliyekuwa akilala chini ya turubai, amelipa shilingi 84,000 za ushuru huo, ambazo ni bati tatu, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 iko juu yake. Mwaka huo huo nyumba zisizozidi shilingi milioni 50 zinazouzwa na waendelezaji zilisamehewa kodi hiyo ya ongezeko la thamani. Ni jambo jema kwa anayenunua nyumba. Sisi hatununui nyumba, tunanunua mfuko mmoja mmoja, na nyumba yetu haifiki hata sehemu ya tisa ya hiyo milioni 50. Tunaomba msamaha wa namna hiyo uwatazame na wanaojijengea wenyewe kwa vikundi vilivyosajiliwa. Kati ya yote tuliyoyaandika, hili ndilo linalotuumiza zaidi.

La tatu liko ndani ya halmashauri yetu. Tunajua asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulipouliza tukaelezwa kwamba sisi, kwa kuwa tumechanganyika akina mama na akina baba, hatuingii katika kundi lolote, na kwamba nyumba ya kuishi haihesabiwi kuwa shughuli ya uzalishaji. Akina mama wetu 24 wako tayari kuunda kikundi chao cha kufyatua na kuuza matofali, na tunaomba wakopeshwe mashine ya mkono pamoja na mtaji wa saruji ya kuanzia. Tunasisitiza saruji, Mheshimiwa. Mashine isiyo na saruji inageuka kiota cha kuku.

La mwisho ni hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa hati miliki ya kimila, na wanachama 19 tunazo, tumezitunza ndani ya nailoni zisilowe. Tulizipeleka benki moja mjini. Mhudumu alizisoma kwa adabu, akauliza kama kuna mwenye hati ya kiwanja kilichopimwa au karatasi ya mshahara. Hatukuwa nazo, tukarudi na daladala ya saa kumi. Kama mfuko tunaouomba utaanzishwa, tunaomba uikubali hati hii, kwa sababu ndiyo ambayo sheria imempa mwanakijiji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nyumba saba kwa miaka sita. Wamebaki wanachama 24. Kwa mwendo huu wa gunia moja moja, mtu wa mwisho atakabidhiwa ufunguo baada ya miaka zaidi ya 20. Mwenye namba 31 ni mama wa miaka 63, amekaa pale chini ya mwembe, mwenye kitenge cha kijani. Yeye ndiye anayepika chai ya msaragambo tangu nyumba ya kwanza. Mimi ninayesoma risala hii ni namba 29.

Sasa tunakuomba, ukimaliza hotuba yako, usikate utepe na kuondoka. Ingia ndani. Weka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha wajukuu, chini kabisa, pale kwenye kimo cha goti. Ni mkavu. Kisha utakuta chai, na wali wa mpunga wetu wa hapa hapa, na mwenye nyumba atakukaribisha yeye mwenyewe, maana ufunguo tumekwisha kumpa tangu jana usiku, hatukuweza kusubiri.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi,
Chekereni, Moshi