Mafundi umeme wa zamu nao wasomeshwe hapa Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wakuu wa vyuo vya ufundi vya hapa Tanga pamoja na waajiri wa viwandani. Mafundi umeme walio kazini wafundishwe kanuni za umeme na elektroniki hapahapa mjini, kwa ratiba inayokubaliana na zamu zao.

Nasimamia mafundi katika kiwanda kimoja upande wa Pongwe. Ni vijana hodari, wanavuta kebo na kufunga kontakta (swichi za sumaku za kuwashia mota) bila kusimamiwa. Wanapokwama ni pale kazi inapodai kujua kwa nini. Chukua mota ya kilowati 15 inayowashwa kwa sta-delta, yaani koili zake tatu huungwa kwanza kwa umbo la nyota ili ianze taratibu, kisha kwa pembetatu, ndiyo delta. Kibati chake kinasema ampea 28, basi kijana anaseti ovaloodi, kifaa cha kukata umeme mota inapozidiwa, kwenye 28. Kumbe ovaloodi hiyo imefungwa ndani ya delta, ambako mkondo ni ule wa laini ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani kama ampea 16 tu. Siku mota inapozidiwa na mzigo, ovaloodi imetulia tu, waya za ndani zinaungua, na mtambo unasimama mota ikisubiri kusukwa upya waya zake. Kijana yule si mzembe hata kidogo. Hajapata mtu wa kumkalisha, akamchorea delta ubaoni na kumwonyesha mkondo unavyogawanyika kwenye kona.

Elektroniki nayo imeshaingia viwandani. Mota nyingi sasa zinaendeshwa kwa invata, kifaa cha elektroniki kinachobadili kasi ya mota, na ukizima breka, kapasita zilizomo ndani, ambazo huhifadhi chaji ya umeme, hubaki na karibu volti 560 kwa dakika kadhaa. Asiyejua kapasita inafanya nini atafungua mfuniko mara moja na kuingiza mkono. Hapo tunazungumzia uhai wa mtu.

Kwa waajiri kuna faida ya fedha pia. Wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti peke yake, wanalipia na kVA, yaani kipimo cha umeme wote wanaouvuta, hata ule usiofanya kazi. Sehemu ya umeme huo inayofanya kazi halisi ndiyo pawa fakta. Mzigo wa kilowati 100 kwenye pawa fakta ya 0.7 unadai kVA 143, na ukiipandisha hadi 0.95 unadai kVA 105. Fundi anayeielewa hesabu hiyo atazikagua mapema kapasita zinazopandisha pawa fakta, hatangoja bili ije imshtue mhasibu.

Najua nitaambiwa masomo ya jioni yanatosha. Hayatoshi kwa mtu wa zamu. Wiki hii anaingia asubuhi, wiki ijayo mchana, inayofuata usiku. Darasa la kila Jumanne jioni litampita kila wiki ya zamu ya mchana, na somo hili limejengwa ngazi juu ya ngazi: aliyekosa somo la umeme wa fezi tatu hawezi kufuata la pawa fakta. Naomba somo lilelile lifundishwe mara mbili kwa wiki, asubuhi na jioni, ili wa zamu ya mchana aje asubuhi na wa asubuhi au usiku aje jioni. Karakana ifunguliwe Jumamosi kwa vitendo. Wiki za mwanzo zitumike kwa hesabu, hasa aljebra na trigonometria, kwa sababu wengi wana miaka mingi tangu waache shule, na bila hesabu hizo mwalimu atakuwa anaongea peke yake.

VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Vyuo viutumie katika kupokea wanafunzi, visiishie kutazama cheti cha kidato cha nne. Waajiri nao wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa hiyo kumruhusu fundi atoke kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya darasa ni kudai matunda ya fedha yao wenyewe.

Mkoa huu una mitambo ya umeme wa maji ya Hale tangu 1964, una ile ya Pangani yenye megawati 68, una bandari na viwanda vya saruji. Haifai fundi wake aache kazi na familia aende Dar es Salaam au Arusha ndipo ajifunze kanuni za kitu anachokishika kila siku.

Chuo kitakachokubali kuanza, nitamwomba mwajiri wangu akipe mota zilizoungua na paneli za zamani zilizojaa stoo kwetu, wanafunzi wazifungue na kuzipima.

Msimamizi wa mafundi umeme,
Pongwe, Tanga.