Mwembe ulioguguniwa gome, mnazi wenye vidato

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na nyumbani uwasalimie wote. Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza imekuwaje mwembe ulioguguniwa gome na mbuzi kuzunguka shina lote ukakaa kijani miezi mingi, ukatoa hata maua, kisha ukakauka. Na mnazi ulio jirani yake, uliokatwa vidato vya kukwelea toka chini hadi juu, bado unazaa.

Tuanze na mwembe. Maji hupanda kupitia mbao, sehemu inayoitwa zilemu. Mirija yake ni seli zilizokwisha kufa, zimebaki kuta tu. Jua likipanda, majani hutoa mvuke kwenye stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, na maji yanayotoka huyavuta yaliyo nyuma yake kwa sababu molekuli za maji hushikana sana. Ndiyo sababu mti wa mita 25 hunywa vizuri, ilhali pampu ya kufyonza iliyowekwa juu ya kisima haivuti maji kupita mita 10 hivi: pampu hiyo hutegemea hewa isukume maji kutoka chini, mti huyavuta kutoka juu. Wanasayansi Dixon na Joly walilieleza hilo kule Dublin mwaka 1894. Mbuzi hawakugusa mbao, basi majani hayakukosa maji.

Walichokula ni floemu, tabaka jembamba la ndani ya gome. Hiyo ni hai, na ndiyo njia ya sukari. Jani huingiza sukari kwenye mirija hiyo, maji hufuata kwa osmosisi, yaani huvutwa kuelekea penye sukari nyingi, na shinikizo linalopatikana, mara kadhaa ya lile la tairi la gari, huisukuma sukari kwenda inakotumika: mizizi, matunda, machipukizi. Gome likikatika duara zima, mizizi haipati kitu. Huishi kwa wanga iliyojiwekea, na wanga ikiisha mizizi hufa, ndipo majani nayo yanakosa maji. Kwa hiyo usiupime mti kwa ukijani wake. Tazama ukingo wa juu wa jeraha: ukivimba kuliko wa chini, sukari imekwama hapo.

Mwembe mwingine ukipatwa hivyo, wahi siku hiyo hiyo. Kama umebaki ukanda wa gome hata wa vidole viwili, funika jeraha kwa nailoni lisikauke, na mti una nafasi nzuri. Kama hakuna kilichobaki, piga daraja: chukua vijiti vya mwembe vilivyokomaa, unene wa penseli, chonga ncha zote mbili mshazari, chomeka moja chini ya gome la juu na nyingine chini ya gome la chini, kisha kaza na ufunike. Acha kama vidole vitatu kati ya kijiti na kijiti. Usikigeuze kijiti kichwa chini. Hapo ndipo wengi huharibu.

Mnazi umejengwa vingine kabisa. Hauna gome la namna hiyo wala kambiumu, lile tabaka linalotengeneza mbao na gome jipya. Zilemu na floemu zake zimo pamoja katika maelfu ya nyuzi zilizotawanyika shina zima, na kidato hukata za pembeni tu. Lakini kwa kukosa kambiumu, kidato hakifungi kamwe. Kikikatwa kirefu kuingia ndani, maji ya mvua hutuama na shina huanza kuoza. Mwambie mkwezi akate kifupi, sakafu yake iteremke nje.

Na tembo la mnazi unalolisifu ni maji ya floemu yenyewe, sukari kama asilimia 12 hadi 15 likiwa bichi. Mgema hulifunga karara, ala la maua ya mnazi, lisipasuke, huligongagonga polepole na kuliinamisha siku kadhaa, kisha hukata ncha. Mnazi hujaribu kuziba mirija iliyokatwa, kama mwili unavyogandisha damu, kwa hiyo lazima arudi asubuhi na jioni kuondoa kipande chembamba na kufungua upya. Hapa kotama, kisu cha mgema, ndiyo kila kitu. Ikiwa butu huponda mirija badala ya kuikata, na tembo hupungua siku hiyo hiyo. Akikata vipande vinene karara linaisha mapema bila faida yoyote. Na kila karara linalogemwa halitoi nazi, kwa hiyo amua mapema minazi ipi ni ya tembo na ipi ni ya nazi.

Ukitaka tembo tamu la kupikia asali, kitoma, kibuyu cha kukingia tembo, kioshwe kwa maji ya moto kila mara na kipakwe chokaa kidogo ndani, maana hamira iliyobaki jana huanza kazi tembo likiwa bado juu mnazini. Likishateremshwa, liende jikoni moja kwa moja.

Ndimi sahibu yako