Elfu nane bila ugali: unalipia nini?

Wiki iliyopita kaka mmoja wa ofisi za serikali za Mtumba, hapa Dodoma, alinipigia saa saba na nusu mchana, kontena la chakula nilichompikia likiwa limefunguliwa mbele yake. "Dada, mmesahau wali." Nikamwambia hatujasahau, ndiyo oda aliyoweka mwenyewe, ya wanga kidogo. Akanyamaza kidogo. "Sasa elfu nane ya nini?" Simu za namna hii zinanifikia karibu kila wiki, na huyu alikata akiamini kaibiwa. Naomba nieleze mara moja, kwa wateja wote.

Sahani ya kawaida ya elfu tatu inabebwa na wali au ugali. Si dhambi, nami niliuza hivyo hivyo miaka minne kabla ya kuanza hizi oda. Kilo moja ya sembe inasonga ugali wa watu wanne hadi watano, na bei yake hainunui hata robo kilo ya nyama. Ukiutoa ugali, lazima kitu kingine kishibishe mtu. Kwangu ni robo kilo ya nyama au mapande mawili ya kuku, yai, nusu parachichi, na mboga za aina mbili. Nafasi ya wali inachukuliwa na kabichi iliyokatwa nyembamba kama tambi na kukaangwa haraka kwa mafuta ya alizeti, isilegee. Kisha kuna bodaboda wa kutoka mjini hadi Mtumba, kilomita kama 17, na chakula kinatakiwa kifike cha moto.

Mchuzi wangu pia haukazwi na unga wa ngano. Wengi wanakaza hivyo kwa sababu ni rahisi, na mteja anayekwepa wanga analishwa wanga bila kujua. Mimi nakaza kwa vitunguu na nyanya, vikaangwe hadi mafuta yajitenge. Hiyo ni zaidi ya nusu saa ya moto, na gesi nainunua.

Mlenda ndio unaonipa sifa. Maji yakichemka naweka magadi kidogo sana, majani, nyanya, halafu karanga za kusaga, moto mdogo. Nakoroga hadi mwiko ukiinuliwa unashusha nyuzi ndefu na povu linakaa juu bila kumwagika. Magadi yakizidi unapata uchungu, na sufuria nzima nalimwaga. Wateja huniuliza mlenda unaliwaje bila ugali. Kwa kijiko, na nyama ya kuchoma pembeni. Siku ya kwanza utaona ajabu, siku ya tatu umezoea.

Sasa nije kwa mteja mmoja aliyedai nimrudishie pesa. Alilipia mwezi mzima, na wiki ya tatu akaja na malalamiko: suruali bado inabana. Nilimwomba aniandikie kila kinachoingia mdomoni kwa siku mbili. Asubuhi uji wa ulezi wenye sukari. Saa nne maandazi mawili na chai, na kwa siku vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu, yaani sukari gramu 48 hivi kwa chai peke yake. Mchana alikula nusu ya chakula changu na kuacha parachichi, kwa sababu anaogopa mafuta. Mezani ofisini kulikuwa na mfuko wa zabibu za Hombolo, na kilo moja ya zabibu ina sukari gramu 150 na zaidi. Usiku ugali wa uwele, kwa vile aliambiwa uwele hauna sukari. Jamani! Uwele ni chakula kizuri, nimekulia huo, lakini gramu 100 za unga wake zina wanga gramu 70 hivi, na sembe imeuzidi kidogo tu. Tuliyasoma pamoja yale maandishi yake, akaanza kula parachichi lake, na hiyo pesa hakuidai tena.

Kinachowaponza wengi wenye ratiba ngumu ni kuacha ugali tu bila kuweka kitu mahali pake. Dada mmoja, kipindi cha Bunge la bajeti, alikuwa ananunua sahani ya elfu tatu, anaacha wali, anakula mchuzi na mchicha. Saa kumi jioni tumbo linaunguruma kikaoni, na kilichopo mezani ni sambusa na soda. Akitoka saa mbili usiku hana nguvu ya kupika, anapita kwenye chipsi kuku. Tulipopiga hesabu, siku moja ilikuwa imemla zaidi ya elfu tisa, na wanga wote ulikuwa umerudi. Yeye sikumshauri anunue kwangu kila siku. Nilimwambia Jumapili achemshe mayai kumi, yanakaa wiki nzima kwenye friji, achome kuku wa kumtosha siku tatu, na kwenye mkoba awe na karanga za kukaanga. Siku za vikao virefu ndizo anazoagiza.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kama una kisukari na unachoma insulini au unameza vidonge vya glibenclamide, oda yako siipokei mpaka umeongea na daktari wako, maana ukipunguza wanga huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Kuna mzee binti yake alinikasirikia kwa hilo. Walipokwenda kliniki dozi ilipunguzwa, na sasa nampikia mara tatu kwa wiki.

Wanaopanda treni ya SGR kwenda Dar nawafungia kuku wa kuchoma, mayai na karanga, niambieni siku moja kabla. Oda nyingine za kesho zinafungwa saa mbili usiku, kwa sababu nyama nanunua alfajiri, kwa idadi, na ya jana siipiki.