Mwalimu, Iondoe Hiyo Fyuzi ya 30

Jinja

Mpendwa Mwalimu,

Pokea salamu zetu, wewe, mama watoto na wazee wote hapo Busia. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana haya nataka uyasome ukiwa umesimama mbele ya gari, boneti ikiwa wazi.

Hiyo fyuzi ya kijani aliyokuwekea fundi kwa ajili ya taa kubwa ya mbele ya kulia, baada ya ile ya buluu kukatika-katika, itoe leo leo. Kijani ni ampea 30. Kifuniko cha boksi la fyuzi, lile la karibu na betri, ulinisomea mwenyewe kwamba taa ya kulia inataka 15, na 15 ni ya buluu. Najua taa sasa inawaka, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Waya ule unalindwa na fyuzi ya 15. Ukiweka 30, siku waya huo ukigusa bodi, yaani chuma cha gari, utaungua wenyewe huku fyuzi ikibaki nzima, na kuungua kwenyewe kutaanzia ndani ya fungu la nyaya, mahali usipopaona.

Piga hesabu nami kidogo. Globu yako ni H4 ya 60/55, yaani wati 60 kwenye fulu, taa ya mbali, na 55 kwenye dimu, taa ya chini. Wati 55 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 4.6 hivi, na fulu ni 5. Hata zile za wati 100 wanazopenda madereva wa usiku hazifiki 9. Globu nzima, basi, haina nguvu ya kukata fyuzi ya 15. Nawe umeniambia ile ya buluu ilikuwa inakatika gari likipita kwenye mashimo. Hiyo ni shoti, Mwalimu. Kuna waya umechubuka na unagusa chuma gari likitikisika. Fundi alipaswa kuutafuta huo, si kuongeza ukubwa wa fyuzi.

Unaweza kuutafuta mwenyewe. Chukua globu ya indiketa, ile ya wati 21, uiunganishe nyaya mbili. Chomoa plagi ya taa ya kulia, toa fyuzi yake, kisha ncha za nyaya zako uziingize pale fyuzi ilipokuwa. Washa taa, uache kwenye dimu. Kwa kuwa taa kubwa umeichomoa, globu yako ndogo haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, umeme unakimbilia kwenye bodi. Ikikaa kimya, anza kutikisa nyaya polepole toka kwenye boksi kuelekea taa: pembeni ya betri, mbele ya rejeta, na hasa pale fungu linapopita kwenye ukingo wa bati nyuma ya taa. Usiharakishe. Ukishika mahali globu ikapepesa, umefika. Zima taa, chomoa hasi ya betri, fungua utepe mweusi uutazame waya wenyewe. Ukiona shaba tupu, kata hapo, unga upya, funika vizuri, kisha ulifunge fungu mbali na bati. Hapo ndipo unaporudisha ya buluu.

Plagi nayo uitazame ukiwa umeishika mkononi. Plastiki yake ikiwa imegeuka kahawia, au pini zina kutu ya kijani, nunua plagi mpya. Kuikwangua hakutasaidia siku nyingi, kwa sababu pini zilizolegea huzidi kupata joto, na taa inafifia ingawa globu ni nzima. Globu yenyewe usiiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi huiharibu.

Jambo moja huwachanganya mafundi wengi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 kama Kikumi yako, yaani Corolla ya AE100, umeme unatoka kwenye fyuzi kwenda moja kwa moja kwenye globu, na swichi ya usukani inaunganisha upande wa hasi. Akija mtu akataka kukuongezea waya wa hasi toka kwenye plagi hadi kwenye bodi, mkatalie. Taa itawaka muda wote utakaokuwa umewasha taa, na swichi yako ya dimu na fulu haitaitawala tena.

Kabla hujamaliza kazi hiyo, nakuomba usitoke usiku. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa ya kulia ndiyo iliyo karibu na anayekuja. Ikizima, anaona taa moja ya kushoto, anadhani ni boda boda iliyojibana pembeni, naye anakuja katikati ya barabara. Na ukishapita Iganga, karibu na Kakira, kuna trela za miwa zisizo na taa hata moja nyuma. Hapo unahitaji taa zako zote mbili. Watoto wana baba mmoja.

Jumamosi nitakuwa nyumbani. Nipigie ukishaipata, uniambie ulikuwa umeshika waya upi globu ilipopepesa, nikutafutie plagi na nyaya za unene unaofaa nimpe dereva wa matatu akuletee.

Ni mimi rafiki yako,
Fundi wa Jinja